Kutu ya Motoni na Ghala la Joto

Msimu wa korosho unapowadia, kati ya mwezi wa Oktoba na Januari, msafiri apitaye njiapanda ya Nanganga, pale ambapo barabara ya Ruangwa inaachana na ile iendayo Ndanda na Masasi, yumo katikati ya nchi ya mikorosho. Toka hapo hadi Newala, juu kwenye ukingo wa uwanda wa Makonde, hakuna mtoto asiyejua namna korosho inavyochomwa kienyeji. Karai la chuma huwekwa juu ya mafiga, korosho humiminwa humo, na mafuta makali yaliyomo ndani ya maganda hutoka na kushika moto. Mwali hupanda, moshi mweusi hutanda, naye mchomaji hukoroga kwa mti mrefu huku ameupa moto kisogo. Baada ya dakika chache korosho hupinduliwa chini na kufunikwa kwa mchanga ili moto uzimike.

Aghalabu macho yetu huifuata korosho. Katika makala haya twataka kulitazama karai. Likiisha kupoa, ukaligonga kwa kijiti, huanguka vipande vyembamba vyeusi mithili ya magamba ya samaki. Mara ya pili huanguka vingine, na mara ya tatu vingine tena, mpaka siku moja kitako kinatoboka. Watu husema kwamba karai limeliwa na moto. Usemi huo una ukweli mwingi kuliko unavyodhaniwa, ingawa mlaji hasa si moto bali ni oksijeni ya hewani, na moto humwongezea hamu tu.

Ulaji huo wa chuma, ambao kwa mchomaji wa korosho ni hasara ya karai moja, ni kikwazo kikubwa kwa wahandisi wanaotafuta namna ya kuweka akiba ya joto. Na jambo hilo la akiba ya joto linazihusu shule zetu moja kwa moja. Mwaka 2023 Serikali ya Tanzania iliziagiza taasisi zinazopikia watu zaidi ya 100 kwa siku zijiandae kuacha kuni na mkaa, na mwaka 2024 ulizinduliwa mkakati wa taifa wenye shabaha ya kuwafikishia asilimia 80 ya wananchi nishati safi ya kupikia ifikapo mwaka 2034. Shule ya bweni yenye wanafunzi mia nne haina budi kujiuliza: ikiwa si kuni, basi nini? Gesi ni jibu mojawapo. Jua nalo lipo, na katika miezi ya kiangazi wilayani Masasi hakuna anayelilalamikia kwa uhaba. Lakini jua huchwa, na ugali wa jioni hupikwa wakati huohuo linapozama.

Ndipo linapokuja wazo la ghala. Mkulima haachi kula mwezi wa Februari kwa sababu mavuno yalikuwa mwezi wa Juni, amejiwekea akiba. Joto nalo laweza kuwekwa ghalani. Jiwe la figa linalobaki na moto saa nzima baada ya chungu kuepuliwa ni ghala dogo la joto. Katika Chuo Kikuu cha Makerere, Uganda, watafiti wametengeneza majiko ya jua yanayohifadhi joto katika kokoto na mafuta. Wenzao wa Chuo Kikuu cha Mekelle, Ethiopia, wakishirikiana na chuo cha ufundi cha Trondheim, Norway, walilenga jambo gumu zaidi: kuoka injera kwa joto la jua lililohifadhiwa ndani ya chumvi za naitreti. Chumvi hizo huyeyuka kwenye nyuzi 220 hivi za Sentigredi, na zinapoganda tena hulirudisha joto zililolimeza.

Hapo tumeligusa joto fiche, ambalo wanafunzi hulifahamu kwa mfano wa barafu. Kitu kinapoyeyuka humeza joto bila kupanda jotoridi; kinapoganda hulitapika lote. Kilo moja ya barafu humeza kilojuli 334. Kilo moja ya aluminiamu humeza kama 400. Lakini changanya aluminiamu na silikoni kwa uwiano wa sehemu 88 kwa 12 hivi, nawe utapata aloi inayoyeyuka kwenye nyuzi 577, badala ya 660 za aluminiamu tupu, na inayomeza kadiri ya kilojuli 500 kwa kila kilo. Zaidi ya hayo, aloi hiyo hupitisha joto zaidi ya mara mia kuliko chumvi ya naitreti. Ghala la chumvi lina mlango mwembamba: joto limo ndani, ila hutoka kwa taratibu. Ghala la aloi lina mlango mpana.

Tufanye hesabu ndogo, ambayo mwalimu aweza kuiandika ubaoni. Kuchemsha lita 100 za maji kutoka nyuzi 25 hadi 100 kunahitaji 4.2 × 100 × 75, yaani kilojuli 31,500. Tukigawa kwa 500 twapata kilo 63 za aloi. Tukikubali kwamba nusu ya joto itapotea njiani, na hilo ni kadirio la haki kwa jiko la kweli, twahitaji kilo 126. Kipande cha aloi cha uzito huo kingekaa ndani ya pipa dogo la lita 50. Pipa moja chini ya chungu cha ugali wa shule nzima! Mtu akiishia kwenye hesabu hiyo atauliza kwa nini pipa hilo halijafika bado jikoni. Zipo sababu za bei, na zipo sababu za namna ya kukusanya joto la kiasi hicho. Lakini sababu inayowasumbua wahandisi wa metali ni ileile ya karai la korosho.

Jinsi chuma kinavyoliwa

Metali inapokutana na oksijeni huumbika utando wa oksidi juu yake. Kutu nyekundu ya jembe lililosahauliwa mvuani ni jambo jingine kidogo, kwa kuwa hiyo huhitaji maji. Kutu ya motoni huumbika pakavu kabisa. Utando ukiisha kuumbika, metali iliyo chini na oksijeni iliyo juu hutenganishwa, na ili mmenyuko uendelee sharti chembe za mmoja zipenye kumfikia mwenziwe. Kadiri utando unavyonenepa, safari hiyo inarefuka na ulaji unapungua kasi. Mwaka 1933 mwanasayansi wa Ujerumani, Carl Wagner, aliieleza hali hii kwa nadharia iliyo msingi wa taaluma hii hadi leo: mraba wa unene wa utando huongezeka sawa na muda. Tuseme baada ya saa 100 utando una unene wa maikromita 10. Ili ufike 20 hatuhitaji saa 200 bali 400, na ili ufike 40 twahitaji saa 1,600.

Kwa maneno mengine, utando mzuri hujizuia wenyewe. Kama ndivyo, mbona karai linatoboka?

Kuna sababu mbili. Ya kwanza imo katika oksidi yenyewe ya chuma. Chini ya nyuzi 570 chuma huvaa tabaka mbili za oksidi zilizoshikamana vema. Juu ya nyuzi 570 huzuka tabaka la tatu chini ya hizo mbili, lenye atomu moja ya oksijeni kwa takriban kila atomu moja ya chuma. Tabaka hili lina kasoro: katika safu za ayoni zake nafasi nyingi zi tupu, kama darasa ambalo wanafunzi wengi hawakuja. Ayoni za chuma huruka kutoka nafasi hadi nafasi na kutokeza juu kwa wepesi. Kanuni ya Wagner haivunjiki, ila mwendo wake unakuwa wa kasi mno. Msomaji atazame tena zile tarakimu. Aloi yetu ya aluminiamu na silikoni huyeyuka kwenye nyuzi 577. Maana yake ni kwamba pipa la chuma cha kawaida litakaloihifadhi litafanya kazi papo hapo kwenye mpaka ambapo chuma huanza kuliwa vibaya, na upande wa pipa unaopokea joto la kioo cha jua au la heta utakuwa umeuvuka mpaka huo kwa mbali.

Sababu ya pili ni kupoa. Metali husinyaa sana inapopoa. Oksidi husinyaa kidogo. Utando ulioumbika motoni hujikuta umebanwa juu ya mwili uliopungua, hupindana, hupasuka, na kuanguka. Hayo ndiyo magamba ya karai, na ndiyo yale yanayoruka mhunzi anapolipiga panga jekundu juu ya fuawe. Gamba likianguka chuma kinabaki uchi, na hesabu ya mraba huanza upya toka sifuri. Kwa tanuri la kiwanda lisilozimwa mwaka mzima, tatizo hili ni dogo. Ghala la joto la shule, kinyume chake, kazi yake ndiyo hiyo: kupashwa mchana na kupozwa usiku, kila siku ya masomo. Kwa hiyo mtu anayepima aloi ya ghala kwa kuiacha tanuruni saa elfu moja mfululizo hajapima jambo lenyewe. Inampasa aipashe na kuipoza mara mamia, na kila mara aipime uzito.

Utando ulio mwema

Mwaka 1923 Pilling na Bedworth walipendekeza kipimo chepesi: linganisha ujazo wa oksidi na ujazo wa metali iliyotumika kuiumba. Kwa magnesiamu uwiano ni 0.81, oksidi ni ndogo kuliko metali, haitoshi kuifunika, nayo huwa na mianya. Kwa aluminiamu uwiano ni 1.28, shuka inaenea kitanda chote na kuning'inia kidogo. Kipimo hiki chafaa kwa kuanzia tu. Kromi ina uwiano wa 2.07, ambao kwa kanuni hiyo ungeitwa mbaya, na hata hivyo kromi ndiyo mlinzi mashuhuri kuliko wote.

Harry Brearley, mwaka 1913 huko Sheffield, Uingereza, alikuwa akitafuta feleji ya mitutu ya bunduki isiyoliwa upesi, akakuta kwamba feleji yenye kromi kama asilimia 13 haishiki kutu. Vijiko ving'aavyo vya mezani vina asili hiyo. Miaka michache kabla yake, Mmarekani Albert Marsh alikuwa amepewa hataza mwaka 1906 ya aloi ya nikeli na kromi, ambayo twaiona kila tunapowasha jiko la umeme: waya mwekundu kama kaa, umezungukwa na hewa pande zote, na bado hautoboki kwa miaka. Siri yake ni kwamba kromi iliyomo hutangulia kuungana na oksijeni na kuvalisha waya mzima utando mwembamba, usio na nafasi tupu za kupitia ayoni. Chuma au nikeli iliyo chini haipati njia.

Juu zaidi ya nyuzi 1,000 oksidi ya kromi yenyewe huanza kupeperuka hewani. Hapo hupokewa na oksidi ya aluminiamu, ambayo hukua polepole kuliko zote. Aloi za chuma, kromi na aluminiamu zilizoenezwa kutoka Sweden tangu miaka ya 1930 kwa jina la Kanthal zimejengwa juu ya jambo hilo.

Hata utando mwema huanguka usiposhikilia. Dawa iliyovumbuliwa ni ya ajabu kwa udogo wake. Mwaka 1937 L. B. Pfeil alipata hataza nchini Uingereza iliyoonyesha kwamba kutia chembe kidogo tu za metali adimu, kama vile seri, hata chini ya asilimia moja, huufanya utando ung'ang'anie metali yake ijapopashwa na kupozwa mara nyingi. Wataalamu walibishana miaka mingi juu ya sababu. Leo yaeleweka kwamba chembe hizo hukaa kwenye mipaka ya fuwele za oksidi na kuzuia ayoni za metali zisitoke nje, na kwamba huikamata salfa ambayo ingeulegeza mshikamano. Seri si mali ya mbali: imo katika madini ya kilima cha Ngualla, mkoani Songwe.

Hayo yote yanahusu ngozi ya nje ya pipa. Ndani kuna adui mwingine. Aluminiamu iliyoyeyuka huyeyusha chuma kama chai iyeyushavyo sukari, ingawa kwa taratibu. Mafundi wetu wanaosubu sufuria kwa vyuma chakavu vya aluminiamu wanalijua hili vizuri: chungu cha chuma cha kuyeyushia hukonda mwaka hadi mwaka, na chuma kilichotoweka kimo ndani ya sufuria walizouza. Wanajua pia ule utando wa kijivu unaoelea juu ya aluminiamu iliyoyeyuka, ambao huukwangua na kuutupa. Wakiukwangua hutokea mwingine papo hapo. Fundi huuona kuwa hasara. Pamoja na hayo, utando huo ndio unaoizuia aluminiamu yote isiungue. Ikiwa katika chakavu kuna magnesiamu nyingi, utando hulegea, na hasara huwa kubwa zaidi. Kutia berili kidogo sana hurekebisha, lakini berili ni sumu ya mapafu, na kwa maoni yetu haifai kukaribishwa katika karakana yoyote ya mtaani. Kalsiamu na metali adimu hufanya kazi inayokaribiana na hiyo bila hatari ya namna hiyo.

Pipa lililojitengeneza

Jibu lililotupendeza zaidi lilitoka Chuo Kikuu cha Hokkaido, Japani. Mwaka 2015 Takahiro Nomura na wenzake walieleza namna walivyoacha kutafuta pipa. Walichukua unga wa aloi ya aluminiamu na silikoni, wakauchemsha katika maji, kisha wakaupasha moto mkali penye oksijeni. Maji ya moto yalizivisha chembe za unga koti la aluminiamu yenye oksijeni na haidrojeni. Moto ukaligeuza koti hilo kuwa oksidi ngumu, ya jamii moja na kito cha yakuti. Kila chembe ikawa na ganda lake, na ndani yake aloi inayeyuka na kuganda bila kumwagika. Kutu iliyokuwa ikiogopwa ndiyo iliyofanywa kuwa chombo.

Nusu ya kwanza ya kazi hiyo hufanyika jikoni mwetu kila siku. Sufuria mpya ya aluminiamu iking'aa, chemsha maji ndani yake mara chache. Sehemu iliyoguswa na maji hugeuka rangi ya kijivu iliyokolea. Mama wengi huisugua kwa mchanga mpaka ing'ae tena. Rangi ile ni koti lilelile la mwanzo, nalo huikinga sufuria.

Njia nyingine inatuhusu kwa jiografia. Katika Chuo Kikuu cha Newcastle, Australia, Erich Kisi na Heber Sugo walitengeneza matofali ambamo chembe za aluminiamu zimetawanywa ndani ya kinywe, yale madini meusi laini ya ncha ya penseli. Aluminiamu ikiyeyuka hubaki imefungwa ndani ya kinywe, na kinywe hupitisha joto vizuri. Sasa basi, toka Nanganga ukifuata barabara ya kaskazini huchukui muda mrefu kabla hujafika Ruangwa, wilaya yenye akiba kubwa ya kinywe. Lakini tusishangilie upesi. Kinywe ni kaboni, ndugu wa mkaa. Jotoridi likipita nyuzi 500 hivi huanza kuungua hewani taratibu. Matofali hayo nayo yanahitaji koti la kuyakinga na oksijeni, na tumerudi kwenye swali la karai.

Kwa jikoni mwa shule, tuonavyo, kokoto za Makerere na chumvi za Mekelle ziko karibu zaidi kuliko aloi. Aloi zitatangulia kufaa pale panapohitajika joto kali lisiloyumba, mathalani mvuke wa viwandani. Swali la kumwuliza kila atakayekuja na pipa la namna hiyo ni moja: limepashwa na kupozwa mara ngapi, na uzito wake ulibadilika kiasi gani?

Jaribio hili dogo laweza kufanywa na darasa lolote lenye mizani nyeti. Tafuteni msumari wa chuma usiopakwa kitu na mpini wa kijiko kikuukuu cha feleji isiyoshika kutu. Pimeni kila kimoja. Viwekeni katika makaa mekundu ya jiko nusu saa, nje ya jengo, kisha vitoeni kwa koleo vipoe juu ya kigae. Pimeni kabla ya kuvigonga, halafu vigongeni juu ya karatasi nyeupe, mpime tena, na mpime magamba peke yake. Rudieni mara kumi, mkichora grafu ya uzito dhidi ya idadi ya mara. Msumari utaongezeka uzito kabla ya kugongwa na kupungua baada yake. Wanafunzi waeleze kwa nini. Mpini utabadilika rangi, labda manjano, kahawia au buluu, na rangi hizo hazitokani na doa lolote bali na wembamba wa utando. Msitumie vipande vya bati la kuezekea wala misumari yake, kwa maana vimepakwa zinki, na moshi wa zinki huleta homa.